Nafasi Nne Zilizozama Feri

Leo nimekuja na mistari mitatu ya kukusomea. Si shairi, wala si tangazo la tanzia. Ni msimbo wa kompyuta, ule ambao vijana huuita kodi, neno linalonishtua kila nikilisikia kwa sababu kodi niijuayo mimi ni ya nyumba na hudaiwa tarehe tano. Tega sikio.

Mstari wa kwanza: for m in wanachama, nukta mbili. Wa pili: namba ni sawa na mbili-tano-nne ndani ya alama za mtajo, jumlisha namba ya m, ukiacha ile sufuri ya mwanzo. Wa tatu: tuma, fungua mabano, namba, koma, ujumbe, funga mabano. Basi.

Utadhani nimekusomea wote. La. Mstari wa pili na wa tatu, kila mmoja umeanza na nafasi nne tupu kabla ya herufi ya kwanza, na nafasi tupu haisomeki redioni. Nikinyamaza kuionyesha, fundi wa mitambo hapa atadhani nimezimia. Nafasi hizo nne ndizo habari yangu ya leo, maana zilitoka Likoni salama salimini, hazikufika Kisauni.

Kwa lugha ya nyumbani, mistari ile inasema hivi: wachukue wanachama mmoja mmoja. Namba ya kila mmoja, iliyoandikwa sufuri-saba kama tuandikavyo sisi, igeuze ianze na 254 kama mitambo inavyotaka. Kisha mtumie ujumbe. Aliyewahi kuunganisha programu yake na M-Pesa anaijua shughuli hii ya 254, kwa sababu lango la Safaricom la kuunganishia linaidai vivyo hivyo. Lango lenyewe wameliita Daraja. Sisi tunaongoja feri kila asubuhi tumelisikia jina hilo tukacheka kidogo tu.

Nafasi nne zinafanya kazi gani basi? Zinaiambia kompyuta kwamba mistari hii miwili iko chini ya ule wa kwanza, ifanyike kwa kila mwanachama. Lugha yenyewe ni Python, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, na haina alama nyingine ya kuonyesha kipi kimo ndani ya kipi. Ni kusogeza mstari ndani tu. Ukiusogeza, umo. Ukiuacha ukingoni, uko nje.

Sasa kisa. Nina mpwa wangu anayeandika programu. Nyumba iko Likoni, kazi iko kisiwani Mombasa, kwa hiyo nusu ya umri wake anaumalizia Feri pamoja na wale watu 300,000 na ushei wanaosemekana kuvuka pale kila siku. Mama yake yumo kwenye chama cha akina mama thelathini na wanane, na walimwomba awatengenezee ukumbusho wa simu: kesho mchango, saa kumi, mahali ni pale pale. Kijana akaandika ile mistari mitatu, akaijaribu, ikaenda vizuri. Mwenye akaunti ya kutumia hizo jumbe ni mwenzake aliyeko Kisauni. Akawa hana budi kumtumia msimbo kwa barua pepe.

Jioni moja yuko kwenye foleni, laptopu juu ya mapaja, kofia za watu mbele yake hazihesabiki. Akafungua barua, akaandika salamu, akanakili mistari yake akaibandika chini ya salamu, akaipaka rangi ya buluu ipendeze, akatuma. Lango likafunguliwa, umati ukateremka, naye akaenda nao.

Barua ikafika Kisauni na maneno yote, hata buluu yake. Mistari mitatu imelala ukingoni kama samaki kwenye mkeka. Mwenzake akaiendesha, Python ikakataa: ilitarajia mstari uliosogezwa ndani, haikuuona. Kijana wa watu akafanya ambalo wewe na mimi tungefanya. Akairekebisha kwa kukisia. Mstari wa pili akausogeza ndani nafasi nne, wa tatu akauacha ukingoni. Akaendesha tena. Safari hii kompyuta haikulalamika hata kidogo.

Haikulalamika, lakini ilifanya nini? Ilipita kwa akina mama wote thelathini na wanane, mmoja mmoja, ikabadilisha namba ya kila mmoja kwa uangalifu mkubwa, bila kumtumia mtu chochote. Ilipomaliza, mkononi imebakiwa na namba moja, ya mwisho kwenye orodha. Hiyo ndiyo iliyotumiwa ujumbe. Siku ya pili saa kumi, mama mmoja tu alifika na mchango wake ndani ya kitambaa, akakaa mkekani peke yake, akiwaza mbona leo wenzangu wamechelewa.

Yule aliyesukuma mstari mmoja akasahau ule mwingine simlaumu. Kosa linalopiga kelele ni zawadi, maana unalisikia ukalirekebisha. Hili lililonyamaza ndilo la kuogopa, na lilizaliwa ndani ya barua.

Jumamosi yake tulikaa Mama Ngina, ukutani kando ya bahari, mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, pilipili na ndimu, meli moja ndefu ikiingia Kilindini polepole. "Mjomba, wallahi niliandika sawa," akaniambia. Akanionyesha. Kwenye mashine yake mistari imesimama vyema. Kwenye barua iliyofika imelala. Basi nani kazila zile nafasi?

Mtandao haukuzila. Tangu mwaka 2009, waya wa TEAMS ulipotoka Fujairah ukafika Mombasa, na ule wa SEACOM mwaka huo huo, tuna njia pana chini ya bahari, na nafasi nne si mzigo. Mlaji ni programu ya barua. Nyingi za siku hizi haziandiki barua tupu. Zinaandika ukurasa mdogo wa wavuti, kwa lugha ya HTML, na kawaida ya HTML ni kwamba nafasi nyingi zikifuatana huonyeshwa kama moja, na zikiwa mwanzoni mwa mstari hazionyeshwi kabisa. Kwa barua ya posa hilo halina neno. Kwa Python ni msiba.

Halafu kuna ile adabu isiyoombwa. Umeandika 254 ndani ya alama za mtajo zilizonyooka, za kibodi. Programu inaziona, inasema moyoni huyu hajui kuandika vizuri, inakupindia: ya kufungulia inainama huku, ya kufungia inainama kule, kama za vitabuni. Jicho la mtu linafurahi. Python ikiiona ile iliyopinda inasimama hapo hapo na kukutajia hata namba yake ya usajili, U+201C, kama askari aliyemkamata mtu na kitambulisho cha mwingine.

Upande wa pili wa historia, barua pepe ya maandishi matupu nayo ina mikasi yake. Ray Tomlinson alipotuma barua ya kwanza kati ya kompyuta mbili kwa mtandao, mwaka 1971, hapakuwa na rangi wala mkolezo. Kanuni zinazotumika leo, zilizopigwa msasa mwaka 2008, zinasema mstari usizidi herufi 998, na bora usizidi 78. Hiyo 78 inatokana na skrini za zamani za safu 80, nazo zilirithi kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928. Ndiyo sababu hadi leo programu nyingine ikiona mstari wako mrefu inaukata katikati bila kukuuliza. Kama ulikuwa mstari wa maelezo, ule unaoanza na alama ya reli, kipande cha pili kinaangukia chini bila alama, na kompyuta inadhani unaiamrisha.

Hapa naomba ruhusa nihame kidogo, maana mimi asili yangu ni mashairi, kompyuta nilizikuta ukubwani.

Kila wiki naletewa mashairi kwa barua pepe na kwa simu. Mengi yanafika yameporomoka. Mishororo minne imekuwa aya moja, ubeti umemeza ubeti. Silalamiki sana. Nachukua kalamu, nahesabu mizani nane, sikio linagonga kina cha kati. Nahesabu nane nyingine, kina cha mwisho. Nakata. Nahesabu tena. Kwa dakika tano shairi limesimama, na mtunzi akilisoma hewani hatajua kwamba lilianguka njiani. Vina ni misumari. Ubao ukibomoka, matundu yanakuonyesha ulikuwa wapi.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya umeme. Kwenye miswada ya tendi kwa herufi za Kiarabu, ubeti mzima uliandikwa mstari mmoja, vipande vinne vikitengwa kwa alama ndogo ya wino. Karatasi ilikuwa ghali. Hakuna aliyepotea, kwa sababu alama ilikuwapo na kina kilikuwapo. Muyaka bin Haji wa Mvita alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu miongo kadhaa kabla Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuzikusanya pamoja na yule mmishonari, W. E. Taylor, na diwani ikachapwa mwaka 1940. Miaka mia moja kamili, sehemu ya safari kwa mdomo, na mishororo ingali inajulikana inaishia wapi. Au chukua la karibu zaidi: Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa hii hii, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972, akatunga gerezani na kuandika kwenye karatasi za chooni. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ikatoka 1973. Chombo kilikuwa duni kupita vyote, mzigo ukafika mzima, kwa sababu umbo lilikuwa ndani ya maneno yenyewe.

Lugha nyingi za kompyuta zina vina vya namna hiyo. C ya Dennis Ritchie, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na JavaScript ya 1995, zote zinafungia mafungu yao kwa yale mabano yenye kiuno, na mwisho wa amri unaweka nukta-mkato. Ivuruge C kwenye barua, zifute nafasi zote za mwanzo wa mistari. Itasomeka vibaya lakini itafanya kazi ile ile, na programu ndogo ya kupanga itaisimamisha upya kama mimi ninavyosimamisha mashairi.

Python ni mtindo wa Kezilahabi. Mnavikumbuka vile vita vya vina, pale Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo vina wala mizani ya kuhesabu, na wenye bahari zao wakasema hili ni guni? Sirudii ugomvi ule leo. Nasema tu kwamba shairi huru linategemea namna lilivyokaa kwenye karatasi: hapa mstari umekatwa, pale neno limeachwa peke yake. Nitumie shairi la aina hiyo likiwa limeporomoka, siwezi kulisimamisha. Nitakisia. Na ukishakisia, umetunga lako. Kijana wa Kisauni alikuwa mhariri wa shairi huru bila kujua.

Nilipomwambia mpwa wangu hayo alitafuna muhogo kimya, kisha akasema, "Mjomba, kwa hiyo nifanye nini?" Swali la haki.

Nilimjibu aanze kuandikia mahali pasipomsaidia. Namaanisha kihariri cha maandishi matupu: Notepad, au Vim, au chochote ambacho ukigonga nafasi nne kinaweka nafasi nne, na alama ya mtajo kinaiacha ilivyozaliwa. Barua yote, salamu hadi jina, iandikwe humo. Watu wenye programu ya barua kama Mutt wanafanya hivyo kwa kawaida, maana yenyewe haina mahali pa kuandikia, inakufungulia kihariri chako. Sisi wengine tutanakili. Lakini kabla ya kubandika, iambie programu ya barua iandike kwa maandishi matupu, ufunguo huo karibu zote zinao, umefichwa tu. Msimbo uwe na mistari mifupi, chini ya herufi 78, usimpe mwenye mikasi sababu. Na nafasi ziwe nafasi, si ule ufunguo wa Tab, kwa kuwa kila mashine inaupimia upana wake, na Python ya tatu haivumilii ukizichanganya ovyo.

Nimeitaja Vim, na siwezi kuipita hivi hivi, kwa sababu ni jirani yetu kuliko tunavyodhani. Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar, naye Mholanzi, aliitoa hadharani mwaka huo huo wa Python, 1991. Mwaka 1994 alikuja Kibaale, kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto, wengi wao wakiwa wamefiwa na wazazi kwa ukimwi. Aliporudi kwao aliwachangishia maisha yake yote. Vim haiuzwi. Ukiifungua bila faili, mara nyingi ukurasa wa kwanza unakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Watu wa California na Tokyo wamesoma jina la Uganda kwenye kihariri chao kabla ya kuandika herufi moja. Bram alifariki Agosti 2023. Ombi lake lilikuwa maneno machache, yasiyo na rangi, na yalisomeka kwenye kila mashine.

Kuna watakaosema maandishi matupu ni umaskini, wao wanataka msimbo wenye rangi na kisanduku cha kijivu nyuma, maana macho ya binadamu si ya Python. Nakubaliana nao kwa nusu. Tangu kanuni za MIME za mwaka 1992, barua moja inaweza kubeba nakala mbili za habari ile ile, moja tupu na moja iliyopambwa, mpokeaji akaona ile anayoiweza. Vijana wanaandika kwa Markdown, mtindo alioutoa John Gruber mwaka 2004: siku hizi unaweka vialama vitatu, vile vilivyo pembeni ya tarakimu moja, juu kushoto mwa kibodi, kabla na baada ya msimbo, kisha kihariri kinakutolea nakala zote mbili, na kwenye ile iliyopambwa nafasi zimefungwa kwa amri ya kuziacha zilivyo. WhatsApp nayo inavielewa vialama hivyo vitatu, inakubadilishia mwandiko ukawa wa taipureta, ule ambao i na m zina upana mmoja. Huo wa upana mmoja usiudharau. Bila huo macho hayawezi kuhesabu nafasi nne.

Ila kuna tabia moja nitaisema waziwazi. Mtu ana msimbo kwenye skrini, anachukua simu, anaipiga picha skrini, na mwanga wa taa juu yake na kidole pembeni, anatuma picha. Tafadhali. Picha hainakiliki. Mwenzako atakaa kuandika upya herufi moja moja, na sufuri atadhani ni herufi O. Kama barua inakushinda, weka faili lenyewe kama kiambatisho. Kiambatisho hakikati mstari wala hakipindi alama.

Hata hivyo wapo wanaokataa kiambatisho. Kiini cha Linux, mfumo unaoendesha simu za Android mikononi mwetu, hadi leo kinajengwa kwa mabadiliko yanayotumwa kwa barua pepe, na wenyewe wanataka msimbo ukae ndani ya barua, maandishi matupu, ili anayeukagua ajibu chini ya mstari anaoupinga. Git, chombo alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, kina amri yake maalumu ya kutuma barua hizo bila kuzipitisha kwa programu yenye adabu nyingi. Ukiwapelekea iliyopambwa wanakurudishia.

Mpwa wangu alirudia. Aliandika upya kwenye kihariri, akajitumia mwenyewe kwanza, akaifungua kwa simu, akahesabu nafasi kwa kidole. Nne na nne. Ndipo akampelekea mwenzake. Wiki iliyofuata akina mama thelathini na wanane walipata ukumbusho. Yule wa mwisho kwenye orodha hakuja. Alisema ile ya kwanza alishalipa, na daftari likaonyesha ni kweli.

Nanyi mnaonitumia mashairi kwa kipindi hiki, nawaomba jambo moja. Andikeni kwanza kwenye Notepad, mshororo mmoja mstari mmoja, msiweke rangi, kisha jitumieni wenyewe mwone lilivyofika. Ya vina yakiporomoka nitayasimamisha. Yasiyo na vina yakinijia yamelala, nitamrudishia mwenyewe.